Mpiga solo wa muziki wa klasiki: tunamsikiliza au tunamtazama?

KinandaChaMbao (mwanzilishi) #1

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisa, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba, na kinanda chetu kipo juu roshanini, nyuma ya waumini. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniona nikipiga, isipokuwa watoto wanaopanda ngazi kinyume cha amri ya mzee wa kanisa. Nalitaja hili mapema ili mjue nasemea upande gani.

Wiki iliyopita kijana wangu alinipa simu nimtazame mpiga piano Yuja Wang akipiga konsato, yaani kipande cha mpiga solo pamoja na okestra, ya mtunzi Mrusi Rachmaninoff. Nilitazama kama dakika mbili nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko, nikaona mabega, mikono, gauni fupi linalong'aa na kichwa kinachotikisika kila anapofika mahali pazito, nikamwambia kijana, "Huyu anapiga vizuri kweli." Akanijibu kwamba sauti ya simu ilikuwa imezimwa tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo sina raha. Najua kwamba Sviatoslav Richter, mpiga piano Mrusi aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa karne iliyopita, katika miaka yake ya mwisho alikuwa akizima taa za ukumbi na kubakiza taa moja ndogo juu ya karatasi za muziki, kwa sababu hakutaka watu wakodolee macho vidole na uso wake huku muziki ukipita bila kusikilizwa. Swali langu ni hili: mvuto wa jukwaani, mavazi, nywele na ishara za mwili ni sehemu ya muziki wenyewe, au ni kitu kinachouibia muziki nafasi yake? Mimi nasema kinaiba. Nikosoeni.

Mtaa_wa_Pili #2

Mkuu, ikiwa umesifu upigaji ambao hukuusikia, mwizi si Yuja Wang. Hata hivyo nakushukuru kwa ukweli wako, kwa maana wengi wetu habari kama hiyo tungekwenda nayo kaburini.

Hesabu_Kwanza #3

Usijilaumu sana, mwanzilishi, kwa kuwa uko pamoja na watu wengi, na baadhi yao wana shahada za muziki. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay, ambaye mwenyewe ni mpiga piano, alichapisha majaribio yaliyowashirikisha watu zaidi ya elfu moja. Aliwapa vipande vifupi vya wapigaji watatu waliofika fainali katika mashindano ya kimataifa, akawataka wamtambue aliyeshinda. Wengine walipewa sauti peke yake, wengine picha na sauti, wengine picha bila sauti kabisa. Mtu anayebahatisha tu angepata theluthi moja ya majibu sahihi. Waliotazama picha bila sauti walipata karibu nusu, na waliopewa sauti peke yake walibaki chini ya theluthi, yaani afadhali wangebahatisha tu. Wataalamu wa muziki hawakuwapita watu wa kawaida, ingawa wengi wao walikuwa wameapa kwamba wanahukumu kwa masikio.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1 ni kwamba hakuna wizi wowote. Binadamu huhukumu muziki kwa macho, na mpiga solo anayelijua jambo hilo anafanya kazi yake tu.

Fidla_Ndogo #4

Shikamoo mwanzilishi. Najifunza fidla hapa Nairobi, na naona mmekimbilia akilini kabla ya kupita mwilini. Mavazi ya mpiga solo ni kifaa cha kazi kabla hayajawa pambo. Anne-Sophie Mutter anajulikana kwa magauni yanayoacha mabega wazi, na watu wameandika mengi kuhusu urembo wake, lakini yeye hatumii pumziko la bega, yaani kile kifaa cha kuishikilia fidla begani, na ngozi hushika fidla kuliko hariri inavyoishika. Patricia Kopatchinskaja hupiga bila viatu. Wapo wanaosema ni mbwembwe, lakini yeyote aliyewahi kusimama dakika arobaini na fidla shingoni anajua kwamba mizani ya mwili huanzia kwenye nyayo. Kwa mpiga piano, urefu wa kisigino hubadilisha pembe ya mguu kwenye pedali, na mkono wa koti unaobana kiwiko unaweza kumwangusha mtu katika miruko ya oktava.

Mimi mwenyewe niliwahi kushonewa gauni la kitenge kwa onyesho la wanafunzi, lenye mabega ya kupanda kama ilivyokuwa mtindo. Fundi alijitahidi na mama alipiga picha nyingi. Nilipopandisha mkono kwenda nafasi ya tatu, fidla ikateleza juu ya lile bega kama mtoto kwenye mchanga, na nota iliyofuata sitaki kuikumbuka. Baada ya onyesho watu wote waliniambia nilipendeza, na hakuna aliyeniambia nilipiga vizuri.

Kaka_Besi #5

Dada yangu hapo juu amesema kweli, lakini historia nayo ina neno. Mambo haya hayakuanza na simu wala televisheni. Franz Liszt ndiye aliyeyaanzisha yote. Kabla yake wapiga piano waliwapa watazamaji mgongo au waliwakabili, naye akawa wa kwanza kuigeuza piano ubavu ili uso wake uonekane na kifuniko kitupe sauti ukumbini. Alikuwa akivua glavu zake mbele ya watu kabla ya kukaa. Wanawake waligombea leso zake, na mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine akaubatiza wazimu ule jina la Lisztomania. Piano ilikuwa na mtu mmoja tu pale jukwaani, kwa hiyo jicho lingekwenda wapi tena?

Mzee_wa_Maktaba #6

Kaka_Besi, naomba nisahihishe jambo moja. Anayetajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kukaa ubavu kwa watazamaji ni Jan Ladislav Dussek, mpiga piano kutoka Bohemia, kabla Liszt hajazaliwa. Inasemekana alifanya hivyo kwa sababu alikuwa na sura nzuri ya upande, na watu wa wakati wake walimwita Dussek mrembo. Liszt aliyakuta mengi yapo tayari. Alichofanya ni kuyakusanya pamoja na kuyapeleka mbali, kisha akasimamisha onyesho zima peke yake, bila mwimbaji wala okestra, jambo ambalo wakati huo lilionekana kama kiburi.

Niongeze mawili. Clara Wieck, ambaye baadaye aliitwa Clara Schumann, alipopiga Berlin mwaka 1837 bila karatasi za muziki mbele yake, mwandishi Bettina von Arnim alimshutumu kwa majivuno. Leo mpiga piano wa konsato akitoka na karatasi ndipo watu wanaponong'ona. Kitendo ni kilekile, ila jana kilikuwa majivuno na leo ni adabu. La pili ni Niccolò Paganini, mpiga fidla Mwitaliano. Wembamba wake, mavazi yake meusi na wepesi wa vidole vyake vilizaa uvumi kwamba ameuza roho kwa shetani. Uvumi huo ulimjazia kumbi, kisha ukamgeukia: alipofariki Nice mwaka 1840, kanisa lilikataa kumzika, na maiti yake ilihamishwa huku na huko kwa miaka mingi kabla ya kupumzika Parma. Anayetaka kujenga haiba ya jukwaani aikumbuke na bei yake.

Mama_Alto #7

Nawasoma tangu asubuhi, na nashangaa kwamba mifano ya mavazi yote ni ya wanawake na mifano ya akili yote ni ya wanaume. Richter alizima taa, mkamwita mwanafalsafa. Yuja Wang alipopiga konsato ya Tatu ya Rachmaninoff pale Hollywood Bowl, Agosti 2011, akiwa na gauni fupi la rangi ya chungwa, mhakiki wa gazeti kubwa la Los Angeles alilizungumzia gauni, na mjadala wa gauni ukazunguka dunia. Januari 2023 mwanamke huyohuyo alipiga konsato zote nne za Rachmaninoff pamoja na Rapsodia yake juu ya wimbo wa Paganini, kwa onyesho moja, katika Carnegie Hall. Hiyo ni kazi ambayo wanaume wengi hawathubutu kuigawa hata kwa wiki mbili, na bado wapo walioanza kwa kuhesabu alibadilisha nguo mara ngapi.

Kisha kuna Deborah Voigt. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba nyumba ya opera ya Covent Garden, London, ilikuwa imemwondoa katika opera ya Richard Strauss kwa sababu mwili wake haukuendana na gauni jeusi ambalo mwongozaji alilitaka. Sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti bora duniani kwa uhusika huohuo. Akafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na mwaka 2008 akarudi palepale kuimba uhusika uleule. Sasa niambieni, Hesabu_Kwanza, hapo napo ni "binadamu huhukumu kwa macho" tu, au kuna watu walioketi ofisini wakaamua?

KinandaChaMbao #8

Mama_Alto, nakubali karibu yote uliyosema, lakini umenisaidia upande wangu bila kukusudia. Dawa ya hukumu ya macho ni kuyafunga macho. Okestra za Marekani zilipoanza kuwasikiliza waombaji kazi nyuma ya pazia, kuanzia miaka ya 1970, baadhi yao zikatandika na zulia ili hata mlio wa kisigino usimtambulishe mtu, waamuzi walibaki na sauti tu. Na jambo hilo si geni. Kule Venisi, katika Ospedale della Pietà, nyumba ya kulea yatima alipofundisha mtunzi Vivaldi, mabinti waliimba na kupiga ala nyuma ya vizuizi vya chuma, na Ulaya nzima ilikwenda kuwasikiliza. Mwandishi Rousseau aliwasikia hapo Pietà, akadhani ni malaika, kisha akaomba kutambulishwa kwao, akakuta mmoja ana jicho moja na mwingine ameharibiwa uso na ndui. Sauti ilitangulia, uso ukafuata. Huo ndio mpangilio ninaoutaka.

Mzee_wa_Maktaba #9

Mwanzilishi, kisa ni cha kweli lakini mahali si hapo. Rousseau alikuwa Venisi mwaka 1743 na 1744, na mabinti anaowasimulia walikuwa wa Mendicanti, nyumba nyingine ya aina hiyohiyo katika mji uleule. Pia umekikatiza kisa mahali kinapokupendeza. Rousseau anaendelea kusema kwamba baada ya kuwaona aliendelea kwenda kuwasikiliza, na kila walipoimba aliwaona tena kuwa warembo, ingawa macho yake yalikwisha kumwambia vingine. Kwa hiyo kizuizi hakikuzuia kitu. Kilimpa mtu nafasi ya kujichorea uso anaoutaka, na mchoro huo ukawa na nguvu kuliko uso wenyewe.

Mtaa_wa_Pili #10

Kumbe mwanzilishi, hata huko juu roshanini waumini wamekuchora. Mungu akusaidie wasije wakapanda ngazi.

Pwani_Kusi #11

Salamu kwa wote. Mnazunguka Venisi na Berlin, na habari hii tunayo nyumbani. Siti binti Saad alitoka Fumba, akiuza vyungu, akawa mwimbaji mkuu wa taarabu Unguja. Wapinzani wake hawakuweza kuigusa sauti, wakaishambulia sura, asili na nguo: wakamtungia beti za kumkejeli kwamba alikuja mjini na kaniki zake na kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Naye akawajibu kwa beti kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo lilikaa mjini kuliko matusi yenyewe.

Ila tazameni mwaka 1928. Alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri zile zikasambaa mwambao mzima. Aliyeinunua Lamu au Mombasa hakumwona, alimsikia. Naweza kusema kwamba santuri ilikuwa pazia la #8 kwa watu wetu. Mwingine anaweza kuniambia kwamba Siti aliyekaa mbele ya wenyeji wa nyumba za wakubwa alihitaji haiba nyingine kabisa, kukaa kwa heshima, kutulia, kujua nani atazamwe na nani asitazamwe, na kwamba bila haiba hiyo asingefika Bombay. Mimi mwenyewe hubadilisha mawazo kati ya hayo mawili kila mwezi.

Maskati_Mjini #12

Ndugu wa Pwani_Kusi amenigusa. Babu zangu walirudi huku kutoka Unguja, na nyumbani bado tunazungumza Kiswahili. Nataka kuongeza upande ambao hamjauzungumzia, nao ni hadhira. Nyumba ya Opera ya Kifalme hapa Maskati ilifunguliwa mwaka 2011, na mtu haingii kwa nguo yoyote aliyoamka nayo. Mgeni huvaa koti, na sisi tunavaa kanzu zetu na vilemba. Mara ya kwanza nilipokwenda kumsikiliza mpiga piano kutoka Ulaya, nilitumia muda mrefu kukifunga kilemba kuliko alioutumia yeye kupiga kipande cha kwanza. Nilikaa mgongo umenyooka, sikuegemea, sikukohoa. Naamini nilisikia vizuri zaidi kwa sababu ya kile kilemba, wala sifanyi mzaha. Mavazi ya jukwaani na mavazi ya viti yanazungumza, na mpiga solo anayetoka na shati lisilopigwa pasi mbele ya watu waliojifunga hivyo anavunja mazungumzo.

Kwa mfano wa upande wetu, Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alikuwa na leso mkononi na, katika miaka ya baadaye, miwani myeusi. Alisimama karibu bila kusogea kwa saa nyingi. Leso ile tu ndiyo iliyosogea, na kila mtu aliitazama.

Kaka_Besi #13

Leso ya Umm Kulthum, leso za Liszt. Inaelekea muziki mkubwa hauwezekani bila kitambaa cha kufutia jasho. Nitamwambia mwalimu wa kwaya yetu.

Ngoma_na_Nadharia #14

Narudi kwa #3, kwa kuwa takwimu zile zimenukuliwa kila mahali kana kwamba zimefunga kesi. Mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake waliyarudia majaribio ya Tsay. Kwa vipande vilevile matokeo yalirudi, lakini walionyesha kwamba hayawezi kupanuliwa kirahisi mpaka yafike kwenye kauli kwamba macho huyashinda masikio. Fikirini: watatu waliofika fainali wamekwisha kuchujwa kwa sauti katika raundi zote zilizotangulia. Kwa sikio wamebaki karibu sawa, na tofauti iliyobakia ni ya mwili. Ukinipa maembe matatu yaliyoiva sawasawa, nitachagua kwa rangi, lakini hilo halimaanishi kwamba embe huliwa kwa macho. Isitoshe, "jibu sahihi" katika majaribio yale ni uamuzi wa majaji, nao walikuwa wameketi ukumbini wakitazama.

Jaribio ninaloliona kuwa na uzito zaidi ni la Michael Schutz na Scott Lipscomb, la mwaka 2007, na nalipenda kwa sababu lilitumia marimba, ala ambayo jina lake limetoka kwetu sisi wa jamii za Kibantu likazunguka dunia. Walimrekodi mpigaji akipiga nota kwa ishara ndefu ya mkono na kwa ishara fupi. Ukipima sauti, urefu haukutofautiana. Wasikilizaji waliotazama walisema nota ya ishara ndefu ni ndefu zaidi, hata walipoambiwa wahukumu kwa sauti tu. Hapo jicho halijamwibia mtu kitu. Limeingia ndani ya sikio na kubadilisha kile kinachosikika. Kwa maana hiyo mkono wa Yuja Wang unaopaa baada ya nota ya mwisho ni sehemu ya nota.

Hesabu_Kwanza #15

Ngoma_na_Nadharia, asante. Hoja ya fainali naikubali, na nilipaswa kuitaja. Ya maembe siikubali sana, kwa sababu wewe ukilila embe baadaye utajua kama ulikosea, lakini msikilizaji wa konsato hana siku ya kujua. Anatoka ukumbini na hukumu yake, nayo inakuwa kweli kwake maisha yote.

Kaka_Besi #16

Basi tuondoe jukwaa kabisa tuone kinachobaki. Jaribio hilo lilishafanyika. Tarehe 12 Januari 2007 Joshua Bell alisimama asubuhi katika kituo cha treni za chini ya ardhi mjini Washington, amevaa kofia ya besiboli, akapiga fidla yake ya Stradivari kwa dakika 43 hivi. Walipita watu 1,097. Waliosimama kumsikiliza ni saba, na alikusanya dola 32 na senti kadhaa. Siku tatu kabla ya hapo kiti kizuri katika onyesho lake kilikuwa dola mia. Muziki uleule, vidole vilevile. Toeni taa, ukumbi na suti nyeusi, mtaona thamani inavyoyeyuka.

Fidla_Ndogo #17

Kaka, namba zako zina upungufu: ile dola 32 haihesabu noti ya dola ishirini iliyotoka kwa mwanamke mmoja aliyemtambua, na huyo alimtambua kwa sura. Lakini kosa kubwa liko katika tafsiri. Watu wale walikuwa wanawahi kazini. Hata mimi, na fidla ndiyo maisha yangu, nikiwa nakimbilia matatu saa moja na nusu asubuhi sitasimama, hata apige malaika. Kilichokosekana pale ni muda wa kukaa na ruhusa ya kutofanya jambo lingine, na hivyo ukumbi huvitoa hata kwa mpigaji aliyevaa gunia.

Mama_Alto #18

Nataka kuwataja waimbaji wawili ambao mwonekano wao hauingii katika mizani yenu. Marian Anderson, mwimbaji mweusi wa Marekani, alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington kwa sababu ya rangi yake. Siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, akaimba nje kwenye ngazi za mnara wa Lincoln mbele ya watu wapatao 75,000. Alivaa koti la manyoya kwa sababu ya baridi, akasimama wima, akafumba macho kama ilivyokuwa desturi yake, akaimba. Picha zile zimefika mbali kuliko sauti, na sioni aibu kwa hilo, kwa maana siku ile kuonekana kwake mahali pale ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kumwambia mtu kama huyo kwamba muziki usikilizwe gizani ni kumrudisha nyuma ya pazia alikokuwa amewekwa na wengine.

Wa pili ni Jessye Norman, tarehe 14 Julai 1989, Paris, katika miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa, akiuimba wimbo wa taifa wa Wafaransa amezungushiwa bendera yao, kwa vazi lililobuniwa na Azzedine Alaïa, mzaliwa wa Tunisia. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na kila upepo ulipopiga kitambaa kile, alizidi kuwa mkubwa. Baada ya hapo niambieni kwamba gauni humpunguza mwimbaji.

Mzee_wa_Maktaba #19

Mama_Alto, hapo nimenyamaza. Neno moja tu la pembeni kwa mwanzilishi, kwa kuwa anapenda mashujaa wanaojificha. Glenn Gould aliacha kabisa maonyesho ya hadharani. La mwisho lilikuwa Los Angeles, tarehe 10 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 31, na tangu hapo alirekodi tu. Lakini alijificha namna gani? Kiti chake kifupi alichotengenezewa na baba yake, glavu zake na makoti aliyoyavaa hata majira ya joto vilimfanya awe miongoni mwa wapiga piano wanaotambulika upesi kuliko wote. Hata katika rekodi bila picha humsikia akiimba chinichini huku akipiga. Mwili ulipita palepale ulipofungiwa mlango.

KinandaChaMbao #20

Ndugu zangu, mmenipa mengi kuliko nilivyoomba, na sasa inanibidi nikiri kilichonisukuma kuanzisha uzi huu, maana haikuwa video ile peke yake.

Baraza la usharika limenunua kamera. Skrini mbili zitatundikwa mbele, na mpango ni kwamba wakati wa nyimbo kamera ya tatu inielekee mimi huko roshanini. Niliambiwa pia nishone joho, na mwenyekiti akaniomba, kwa upole kabisa, niangalie namna ninavyokaa. Jumapili mbili zilizopita walijaribu. Nilipiga wimbo ambao nimeupiga labda mara mia tatu, kwa mfumo uleule na kasi ileile. Baada ya ibada wakina mama wawili, wanaoniamkia kila wiki kwa miaka yote hiyo, walinishika mkono wakaniambia kwamba siku hiyo Roho alinishukia. Mmoja alisema hajawahi kusikia besi ya kinanda chetu ikiwa nzito namna ile.

Besi ile hupigwa kwa miguu. Aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba kuna miguu.

Kwa hiyo ndugu Ngoma_na_Nadharia huenda ana haki na marimba zake: yule mama kweli alisikia zaidi. Au Hesabu_Kwanza ana haki, na alisifu picha. Au ni kama kilemba cha ndugu yetu wa Maskati, kwamba skrini ilimfanya akae sawa akasikiliza. Mimi nilichokihisi ni kingine kabisa. Nilijua natazamwa, na katika beti la tatu nikaongeza sauti moja katikati ambayo haimo katika karatasi. Sikuwahi kufanya hivyo katika miaka kumi na saba. Sijui kama ilikuwa nzuri, lakini mkono uliipiga kwa sababu ya kamera.

Ngoma_na_Nadharia #21

Hiyo ndiyo hoja ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeigusa. Tumezungumza kurasa nzima kuhusu jicho la mtazamaji linavyobadilisha sikio lake, tukasahau kwamba humbadilisha na mpigaji. Kwa mtazamo huo, Richter hakuwazimia watazamaji taa. Alijizimia mwenyewe.

Mzee_wa_Maktaba #22

Sivyo alivyoeleza yeye. Alisema sababu ni watazamaji. Lakini watu wengi hueleza sababu ya pili na kuificha ya kwanza.

Mtaa_wa_Pili #23

Mkuu, swali la msingi: ukipiga, uso wako hufanya nini?

KinandaChaMbao #24

Nimeambiwa na kijana wangu kwamba naung'ata ulimi, na kwamba katika kupumzika kwa beti hukunja paji la uso kama mtu aliyeonjeshwa shubiri.

Fidla_Ndogo #25

Mwalimu, usijaribu kuurekebisha uso, kwa sababu ukiufikiria uso utakosa pedali. Joho lishonwe lenye mikono isiyozidi kifundo cha mkono, na lisifike chini kiasi cha kunasa miguuni. Ulivae kwenye mazoezi angalau mara nne kabla ya siku yenyewe. Na viatu viwe vilevile unavyopigia sasa, hata kama mwenyekiti anaviona vimechakaa.

Mama_Alto #26

Na waombe kamera ielekezwe miguuni, wala si usoni. Yule mama atafurahi.

KinandaChaMbao #27

Asanteni. Fundi wa kamera anakuja Jumamosi saa nne. Viatu vimekwisha kupelekwa kushonwa soli.